Gome la Pili

Mtu huishia wapi? Siulizi anakufa lini. Nauliza anaishia wapi kwa kipimo cha mkono. Ni pale ngozi inapokoma na hewa kuanza, au mbele kidogo, pale linapofika joto lake? Swali hili sikulitoa kwenye vitabu. Lilinipata kazini, siku moja nikiwa nimeukumbatia mti uliochunwa, kifua changu kimelowa utomvu wake, nikayasikia mapigo nisijue ni yangu au ni ya mti. Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa kumenya ndizi. Naogopa yai linapogongwa ukingoni mwa bakuli. Watu husema hofu hukaa moyoni, lakini mimi najua inakaa juu kabisa, kwenye ngozi, pale ambapo dunia yote inagusa bila kubisha hodi.

Naitwa Kemilembe, na kazi yangu ni mvikaji wa miti. Mume wangu Muganyizi ni mchunaji. Katika nchi yetu, ambayo siitaji kwa sababu jina nalo ni ganda na sitaki kulivua mbele ya watu, mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mche. Mti hukua pamoja na mwenyewe. Mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza, gome la mti huo huchunwa, likapondwa kwa nyundo ya mti mpaka likalainika, likawa nguo ya kupelekwa Nyumba ya Kilimani, inayotutawala. Muganyizi hukata duara juu, hukata duara chini, kisha hushusha mstari mmoja kati yake. Hapo chuma hukiweka kando. Hushika kisu kilichochongwa kwa shina la mgomba, maana chini ya gome kuna utando mwembamba wenye utelezi, na mti wote unaishi humo. Chuma kikiukwaruza utando ule, mti umekufa, hata kama majani yake yatabaki mabichi mwezi mzima yakitudanganya.

Gome likishatoka, mti hubaki mweupe, umelowa, umeduwaa. Ndipo naingia mimi. Nauvika majani ya migomba kutoka chini kwenda juu, tabaka juu ya tabaka, nafunga kwa kamba, wala sikazi sana. Siku thelathini. Na mwenye mti naye hulala ndani siku hizo thelathini, kwa sababu ngozi yake huwa laini kama ya ndani ya shavu, na jua likimgusa anapasuka. Mti mmoja, gome moja, mwaka mmoja. Hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta, nasi hatukuwahi kujiuliza ilimlinda nani dhidi ya nani.

Mwaka huo mti wa dada yangu Kokuhirwa ulichunwa, nikauvika. Kokuhirwa alikuwa muuza senene sokoni, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko wateja, na alipolala chumba chetu cha nyuma juu ya majani mabichi, mdomo wake haukulala. Ilikuwa siku yake ya kumi na moja tuliposikia hodi.

Aliyeingia alikuwa Bwana Rutabingwa, mjumbe wa Nyumba ya Kilimani. Nyuma yake walisimama wanaume wanne wenye visu vya chuma. Yeye hakushika kisu. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatuamkia kwa adabu, akasubiri kiti, akakaa.

"Nyumba inaomba gome la Kokuhirwa," akasema.

"Lilishapelekwa, bwana," akajibu Muganyizi. "Leo siku ya kumi na moja."

"Hilo la kwanza tunalishukuru sana. Sasa inaomba la pili."

Muganyizi alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "La pili halipo. Pale kuna utando tu, hata ukucha unaushinda kwa unene."

"Basi, Nyumba inaomba huo utando."

Aliyasema hayo huku akipangusa vumbi kwenye kofia. Mtu mkali unamwogopa ukimwona. Mtu mpole unamwogopa polepole, na hofu hiyo haina mlango wa kutokea.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ikapaa: "Kemi! Nani huyo ananukia sabuni?"

"Mgeni, dada."

"Mwambie mimi nanuka majani, tusikaribiane!"

Rutabingwa akacheka, tena kicheko cha kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akainama kwetu akashusha sauti. Mvaaji, yule anayeketi ndani ya Nyumba, alikuwa anaumwa. Anawashwa chini ya mavazi yake, mwezi wa tatu sasa, hapati usingizi. Waganga wamesema anahitaji tabaka jororo la kugusana na mwili. Utando wa siku kumi na moja ungefaa.

"Na akipata nafuu bila huo utando?" nikauliza.

"Akipata nafuu, Mama, hatuna haja ya kumsumbua mtu."

"Basi nipeleke. Mimi navika vilivyochunwa. Vidonda vya namna hiyo navijua."

Muganyizi alinishika mkono, akanivuta mpaka kwenye pembe ya ukumbi. "Kemilembe, huko watu wanapanda. Umeona nani aliyeshuka?"

"Nikikaa hapa nitaona nini?"

Alinipa kisu chake cha mgomba, cha chuma akabaki nacho, nami nikajifunga mzigo wa majani ya migomba mgongoni.

Rutabingwa aliwaacha wanaume wanne kwenye mti wa dada yangu na agizo moja: jua likipita utosini, wachune. Nikatazama juu. Lilikuwa limebakiza kiasi cha viganja viwili.

*

Njia ya kilimani ilikuwa fupi nilivyoiona kwa mbali, lakini tulipoianza ilirefuka. Kando yake ilisimama miti niliyodhani ni nguzo. Nilipokaribia nikaona ni miti ya watu, imechunwa mara mbili, mara tatu, myeupe kama mifupa iliyooshwa, na haikuvikwa hata jani. Chini ya kila mti palikuwa na nyumba, na mlangoni pa kila nyumba mtu aliyejifunika mkeka.

Mmoja, mwanamke, aliuinua mkeka wake kidogo. Alikuwa anakunywa uji. Niliuona uji ukishuka ndani ya koo lake, kama unavyouona moshi nyuma ya pazia jepesi.

"Unapita, mwanangu?" akaniambia.

"Napita, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani, hebu nitazame. Mimi ni nani?"

Nilimtazama kwa makini, Mungu ni shahidi, nikitafuta hata alama moja. Uso ule haukuwa na kitu cha kushika. "Mama, sikufahamu."

"Hata mimi," akasema, akaufunika mkeka taratibu.

Nikainua macho kutafuta jua. Lilikuwa utosini kabisa. Tukatembea. Likabaki utosini. Tukapita kisima, tukapita ukuta, tukapita kisima kilekile tena kikiwa kimekauka, na kivuli changu kilikuwa bado chini ya nyayo zangu, kimejikunyata.

"Bwana Rutabingwa, saa ngapi sasa?"

"Huku ni adhuhuri, Mama."

"Na kule chini?"

"Kule chini siwezi kujua," akasema kwa huruma. "Nimekaa huku muda mrefu."

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nafanya kazi bila saa. Huenda dada yangu alikuwa bado anatania. Huenda alikwisha kufa tangu juzi. Hofu ikapanda kutoka mgongoni hadi kwenye ngozi ya kichwa, nikaihisi ngozi hiyo ikisogea peke yake, kama inataka kuondoka iniache.

*

Ndani ya Nyumba mlikuwa na chumba, na ndani ya chumba chumba, na cha mwisho hakikuwa na dirisha. Mvaaji aliketi katikati. Nasema aliketi, lakini nilichokiona kilikuwa robota la magome lililofika darini, lenye tundu moja la pumzi. Robota hilo lilikuwa linatetemeka.

"Ni asubuhi?" likauliza. Sauti ilikuwa nzito, ya kuitikisa sakafu.

"Ni mchana, bwana. Mimi ni mvikaji. Nimekuja kutazama mwasho."

"Usinivue."

"Nitavua ya juu tu."

Nikaanza. Nilivua gome la kwanza, na la pili, na la kumi. Rutabingwa alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, kwa heshima. Nilivyozidi kuvua ndivyo sauti iliyokuwa inanisihi ilivyozidi kupungua: kwanza ya mzee, kisha ya mtu mzima, kisha ya mtu wa makamo asiye na uhakika na anachokisema. Nami nilianza kuyafahamu magome. Kila gome lina kovu lake, na mvikaji hasahau kovu. Hili la Byabato, fundi baiskeli, lenye alama ya tawi lililovunjwa na radi. Hili la mwalimu wangu. Kisha nikashika gome lenye vifundo vitatu vilivyopangana kama mafiga.

Lilikuwa la mama yangu.

Chini yake palikuwa na jingine, vifundo vitatu vilevile, lakini hili lilikuwa jembamba kama utando wa yai. Magome mawili ya mti mmoja, ya msimu mmoja. Mama alikufa nikiwa nimeolewa mbali, kabla mimi na Muganyizi hatujarudi kwetu. Waliniambia homa. Nililia homa. Nilimkasirikia Mungu kwa sababu ya homa. Kumbe mama alilala ndani kwenye majani siku ya kumi na moja, au ya tisa, au ya tano, na mtu mpole akapiga hodi.

Sikulia. Niliendelea kuvua, sasa kwa haraka, mikono yangu ikiwa mikono ya mtu mwingine, mpaka nikafika gome la mwisho. Hilo halikufungwa. Liliganda mwilini, kavu, limepasuka kama udongo wa ziwa lililokauka, na kwenye mipasuko paling'aa majimaji.

"Hilo usilivue," akasema aliyekuwa ndani. "Hayo mengine ni nguo. Hilo ni mimi."

Niliweka sikio. Chini yake nilisikia kitu ninachokifahamu: mlio mdogo wa ngozi mpya inayosukuma ikitafuta nafasi. Huyu hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaota upya kama mti wowote, na kwa kuogopa alikuwa amejifungia humo miaka yote, akijiongezea mizigo juu ya kidonda kilichotaka hewa.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata Muganyizi. Nilijua namna ya kumuua. Isingehitaji nguvu. Ningekaza tu ukucha wangu kwenye mpasuko mmoja, nikwaruze, kama unavyokwaruza masizi kwenye sufuria. Majani yake yangebaki mabichi mwezi mzima. Ukucha niliuweka pale. Nilihesabu pumzi zake tatu. Alinuka kama dada yangu, alinuka kama bila shaka mama alivyonuka, harufu ile ya majani na maziwa ya kila aliyechunwa, na mkono wangu ukakataa. Sikumsamehe. Mkono ulikuwa na mazoea yake, basi, na mazoea yakanishinda.

Nikaingiza kisu cha mgomba chini ya gome, nikalitenga polepole. Lilipotoka alipiga ukelele mmoja mfupi. Ndani alikuwamo mtu mwembamba, mwekundu, mwenye macho ya kushangaa, wa umri wa kawaida. Nikamvika majani niliyokuja nayo mgongoni, kutoka miguuni kwenda juu.

"Nani atanilinda nikiwa hivi?" akanong'ona.

"Siku thelathini, na kivuli. Ndivyo tunavyolindwa sisi sote."

"Na nikitoka nitakuwa nani?"

"Hilo sijui. Mwambie mjumbe wako awaite wale watu wanne, wauache mti wa dada yangu."

Akakohoa. "Rutabingwa. Acha. Sihitaji tena la pili."

Rutabingwa alipiga goti kwa mazoea. Kisha akasikiliza, akasimama.

"Hiyo si sauti ya Mvaaji."

"Ni mimi."

"Mvaaji ana sauti nzito." Sasa alikuwa akinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza kofia ilimponyoka. "Mama, umefanya nini? Nyumba haiwezi kukaa tupu. Unajua watu watafanya nini wakisikia kwamba humu ndani mlikuwa na mtu tu? Unajua watanifanya nini mimi, niliyebisha hodi kwenye nyumba zao?"

Alikuwa analia. Aliinama juu ya lundo sakafuni, akaokota gome moja, akajifunga kifuani. Akaokota jingine. La Byabato. La mwalimu. La mama yangu alilishika kwa mikono miwili, akaniambia, "Samahani, Mama," akalivaa. Alipofika kwenye gome la ishirini kilio kilikoma. Alipofika kwenye la hamsini uso haukuonekana tena, na sauti iliyotoka mle ilikuwa nzito, ya kuitikisa sakafu.

"Lete gome la pili."

Nikambeba yule mtu wa majani mgongoni, nikakimbia.

*

Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Niliteremka sijui kwa muda gani, na nyuma yangu nikisikia kitu kikubwa kikijiburuza njiani, magome yakisuguana. Nilipovuka ukuta kivuli changu kilichomoka chini ya nyayo na kulala upande wa mashariki. Jua lilikuwa limepita utosini. Lilikuwa limepita zamani.

Nyumbani chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilimlaza yule mtu pale penye majani ya dada yangu, nikatoka nje nikiita.

Wanaume wanne walikuwa wameuzunguka mti, visu vinaning'inia mikononi. Muganyizi alikuwa amepiga magoti. Na Kokuhirwa, aliyetakiwa asiguswe na jua hata kidogo, aliketi kwenye mizizi, ameegemeza mgongo wake mtupu kwenye shina lililo wazi. Majani niliyolivika yalikuwa chini. Alikuwa ameyachana kwa mikono yake.

"Aliwasikia wakinoa," Muganyizi akaniambia. "Nilimfunika kwa kivuli changu. Sikujua lingine la kufanya. Nimemfunika tangu ulipoondoka."

Nikasogea. Nikaingiza kidole nyuma ya bega lake nimvute, hakikupita. Utando wa mti na ngozi ya dada yangu vilikuwa vimeshikana. Utomvu na damu vilikuwa vimekwisha kukauka pamoja, rangi moja.

"Usinivute, Kemi," akasema, midomo imepauka. "Na usinicheke. Najua nimekaa kama senene aliyenasa kwenye gundi."

Ndipo likafika lile robota. Liliingia uani likigonga migomba, halioni, tundu la pumzi limegeukia upande wa jikoni. "Chuneni!" likanguruma. Mkojo ulinitoka, ukashuka miguuni, mbele ya mume wangu na wageni. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Mmoja wa wale wanne, jina lake Kaijage, aliinua kisu. Akainama. Akapitisha ncha yake hewani, kutoka kwenye mti kuja begani, kutoka begani kurudi kwenye mti.

"Nikate wapi, bwana?" akauliza.

"Kata!"

"Nitakata, bwana. Nionyeshe mpaka. Hapa nauona mti, na hapa namwona mtu, lakini katikati sioni kitu."

"Kata!"

"Wapi?"

Robota lilijaribu kunyoosha mkono lionyeshe, mkono haukukunjuka. Lilijaribu kuinama, halikuinama. Lilisimama pale likihema, na hapana aliyesogea. Kisha Kaijage akaweka kisu chake chini, kwa utulivu, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kushiba, na wenzake wakafanya vilevile. Robota likageuka. Liliondoka kwa shida, likipapasa ukuta, na ndani yake, nilipotega sikio, nilisikia mtu akiomba aelekezwe njia.

Tuliwavika pamoja, dada na mti, mimi na Muganyizi na Kaijage, majani mamia na mamia. Siku thelathini tulimlisha kupitia tundu. Siku ya thelathini niliyafungua, na Kokuhirwa akabanduka mwenyewe, salama, na kati ya mabega yake amebaki na gome la upana wa kiganja changu. Analikuna na kusema akikosa nguo ya sikukuu ataichuna hapo. Yule mtu wa majani naye alipona. Anatusaidia kukata migomba. Hakumbuki alikuwa nani, nami sijamwambia. Nikimwona ameinama na kisu mkononi, ukucha wangu huwasha.

Mti nao uliota gome zuri, isipokuwa sehemu moja, kimo cha mabega ya mtu aliyeketi. Pale pameota ngozi. Ni ya kahawia, ina vinyweleo, na ukiweka mkono ina joto. Kukiwa na baridi vinyweleo vile husimama, na Kokuhirwa, akiwa jikoni, husema kuna mtu amemgusa mgongo.

Leo hakuna baridi. Asubuhi nimepita pale na ndoo yangu nikaiona ngozi ile imesisimka yote, kila kinyweleo kimesimama, na jikoni dada yangu, aliyekuwa katikati ya maneno, akanyamaza. Nimeitazama njia ya kilimani kwa muda mrefu. Ni tupu. Nimeweka ndoo chini, nimekwenda kukata majani kabla ya hodi nyingine.